Bangili ya Cyanzarwe

Jumapili, 5 Septemba 1999
Tena kwenye mashamba ya Cyanzarwe, mimi na Fidèle, tumeinamisha vichwa kama kuku. Msimu wa kulima ndio wetu: jembe linafukua, sisi tunaokota. Asubuhi nzima vigae tu, na ncha ya mkuki iliyoliwa na kutu. Halafu, kwenye shamba la mama Verediana, bangili ya shaba. Pana. Pembetatu zimechongwa ukingo mzima, waya mwembamba umesokotwa katikati. Aliyeifua alikuwa na mkono mtulivu. Fidèle aliisafisha kwa mate na shati lake, akacheka. Tangu arudi mjini baada ya vita akute nyumba yao haina mtu, sijamsikia akicheka hivyo. Yeye fundi redio, mimi fundi cherehani. Hatukusomea mambo haya ya kale. Tunayapenda tu.

Jumanne, 7 Septemba
Fidèle amepiga simu makumbusho. Watatuma mtu. Anasema dada yake, Speciose, akirudi kutoka Kongo atamwonyesha bangili kwanza. Speciose alikimbia mauaji ya mwaka 1994, ndivyo tulivyoambiwa. Fidèle bado anamuuliza kila mwanamke anayetoka sokoni Goma. Mimi nimeshachoka kutumaini. Simwambii.

Jumapili, 12 Septemba
Verediana alituruhusu kuchimba kabla hajapanda viazi. Tulitafuta bangili ya pili. Kwenye kina cha goti, kitambaa. Kisha mfupa. Si wa zamani.
Tuliacha. Verediana alikaa chini, akajifunika kichwa kwa kanga. Fidèle alikwenda kuita watu wa serikali. Nilibaki peke yangu na kile kitenge cha njano. Nikaona upindo wake. Uzi wa kijani.
Fidèle aliporudi, sikumwonyesha. Sijala.

Jumatatu, 13 Septemba
Uzi wa njano uliniishia siku niliposhona kile kitenge. Nikamalizia upindo kwa kijani, kwa ndani. Speciose akasema hakuna atakayeona.
Nikinyamaza, Fidèle ataendelea kuuliza mpaka azeeke. Nikisema, namuua. Naogopa kwenda kwake.

Jumanne, 14 Septemba
Nilikwenda. Alikuwa ameinamia redio ya mtu. Nilimwambia nguo ile niliishona mimi. Hakuinua kichwa.
"Ni ya Speciose?"
"Ndiyo, ndugu yangu. Ni ya Speciose."
Aliendelea kukaza skrubu. Ilikuwa imeshakaza.
"Mi nilikuwa nakanyaga pale," alisema. "Kila Jumapili."

Ijumaa, 24 Septemba
Tumemzika. Majirani wengi, maneno machache. Mimi nilishona sanda. Fidèle hakulia, na hilo linanitisha kuliko kilio.
Tulipotoka makaburini tukamkuta mtu wa makumbusho mlangoni kwa Fidèle. Hakuwa na habari. Fidèle alimpa bangili bila kuitazama. Yule bwana alifurahi sana, akasema ni kazi ya watu wa kale mno, hajaona nzuri kama hiyo. Akauliza kama pale shambani kuna vingine. Nilimchukia. Hana kosa lolote, na nilimchukia.
Mungu anisamehe, siku hizi sioni sababu ya kuchimba, ya kushona, ya lolote.

Jumapili, 3 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Fidèle alikuja dukani, akakaa kwenye benchi la wateja. Nilimpa chai, akanywa nusu. Niliendelea na sare za shule. Mchana tulikula viazi.
Jioni alisema anakwenda kulala. Nilimsindikiza mpaka kwake, nikasimama nje hadi nikasikia komeo likifungwa. Kisha nikarudi kufunga duka.