Yahusu Kitabu Nisichoweza Kukirudisha

Mwalimu Rhobi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Najua ungekuwa hai ungeanza kucheka hapo hapo, kwani ulinionya mara nyingi kwamba si kila karatasi inakwenda kwa Mkuu wa Wilaya. Naomba univumilie. Mimi ni mzee wa darasa la saba niliyejifundisha mwenyewe kuandikia watu barua za maombi, na sijui njia nyingine ya kuanza. Kila asubuhi ulinipa shikamoo pale mezani pangu nje ya ofisi ya kata, kisha tukaingia wote chumba cha maktaba, na humo wewe ukawa mwalimu wa kompyuta na mimi mwanafunzi wako. Leo sijui ni nani anayepaswa kumwamkia mwenzake.

Napenda kukuarifu kwamba maktaba yetu imefunguliwa. Mfumo ule tulioujaribu unafanya kazi. Mtoto wa hapa Kemambo anaandika jina la kitabu, na kompyuta inamwonyesha rafu. Ilikuwa ndoto yako, na ilipasa nifurahi. Lakini nimeitwa mwizi, Mwalimu. Nimeitwa mwizi wa kitabu chako, na kitabu hicho hakipo.

Kumbuka ilivyokuwa. Vijana wa mjini waliotengeneza mfumo walitaka tuujaze vitabu vya kubuni kwanza, ili kasoro zionekane kabla vitabu halisi havijaingizwa. Kila kitabu kipewe jina, mwandishi, mwaka, kurasa, mada na muhtasari, ingawa hakuna aliyewahi kukiandika. Walituletea majina ya Kizungu ya kutumia. Uliyakataa.

"Mashine ikizoea akina John, siku ikiletewa watu wa kwetu itazimia," ulisema. "Hapa ukimtafuta Mwita Chacha mmoja, wanaitika kumi."

Nami nikaitika, kwa kuwa ndilo jina langu. Ulicheka hadi ukashika meza.

Nilikutungia jina la kitabu changu cha kwanza kwa uangalifu mkubwa: Ombi la Kurejeshewa Mbuzi Aliyeingia Boma la Jirani. Ukaniuliza, "Tata, hiki ni kitabu au ni shauri?" Tata, baba, ndivyo ulivyoniita tulipokuwa wawili. Ukakiingiza hivyo hivyo. Katika muhtasari ukaandika "maneno, maneno, maneno," kama ulivyofanya kwa vitabu vyote, na mahali ambapo msomaji haoni ukaweka neno JARIBIO. Ulinieleza kwamba siku kazi ikiisha, amri moja itavifuta vyote vyenye neno hilo, na hakuna uongo utakaobaki.

Ijumaa ile uliondoka ukilalamikia kichwa. Jumatatu nilifika na swali langu kuhusu mahali pa kuweka koma katika jina la mwandishi. Nikakuta mlango umefungwa. Nikasubiri. Nilidhani umechelewa tu. Hata alipokuja mtu kuniambia, nilimjibu kwamba nina swali la kukuuliza.

Siwezi kuendelea na aya hii.

Baada yako aliletwa Bwana Matiko kuwa msimamizi. Ni mtu wa haki, simlaumu. Alitoa ile amri, na vitabu vyetu vyote vya kubuni vikafutika, mbuzi wangu akiwemo. Kikabaki kimoja. Hakikuwa na neno JARIBIO, kwa hiyo Bwana Matiko alikihesabu kuwa kitabu cha kweli. Alikiona binti wa dada yako alipoandika jina lako, kwa kukukumbuka tu, akakimbia nyumbani kumwambia bibi yake. Naandika hapa kama kilivyo:

Mtungi wa Busawe. Mwandishi: Rhobi Marwa. Muhtasari: "Mama aliolewa kutoka Busawe akiwa amebeba mtungi mmoja. Kitabu hiki kinaeleza kwa nini mtungi huo haujavunjika hadi leo, na kwa nini Mama hakurudi kwao hata siku moja." Hali: kimeazimwa. Aliyeazima: Mwita Chacha, mwandishi wa barua.

Nakumbuka siku hiyo. Ulisema, "Sasa tujaribu kuazimisha," ukaandika jina langu bila kuniuliza. Sikuona ni kitabu gani. Nilikuwa nikisafisha miwani.

Nimejitetea kwa lugha sanifu, na haikunisaidia. Nilimweleza Bwana Matiko kwamba akina Mwita Chacha ni wengi. Akaniuliza, "Na waandishi wa barua ni wangapi?" Nikamwambia kitabu hicho hakikuwahi kuwapo. Akajibu, "Mzee wangu, vya majaribio vilikuwa na alama. Hiki hakina. Kitabu hakirudishwi kwa maneno, kilete." Vijana wa bodaboda wananipigia kelele nikipita: "Mzee wa Yahusu! Kitabu kimekuwa kitamu kiasi gani hata usimalize?" Meza yangu haina watu. Nani atamkabidhi siri zake mtu anayeficha kitabu cha marehemu?

Hayo ningeyabeba. Nisichoweza kukibeba ni mama yako.

Anakuja kila siku ya mnada, amevaa kitenge kile cha msibani. Hanigombezi. Laiti angenigombeza! Anakaa kwenye benchi la wateja wangu na kusema, "Baba Chacha, sikunyang'anyi. Nipe nikishike tu, halafu nitakurudishia." Juzi akaniambia neno lililonikata maini: "Nataka kujua amesema nini. Kwa nini sikurudi kwetu, mimi sikumwambia mtu. Yeye alijuaje?"

Nijibu nini, Mwalimu? Nimwambie ilikuwa data ya kujaribia mashine? Nilimwambia. Alinitazama kama mtu aliyemwona mwanawe akizikwa mara ya pili, akajifunga kitenge, akaondoka. Mnada uliofuata akaja tena, na ombi lile lile, kana kwamba sikusema kitu.

Kwa kukata tamaa, nilianza kukiandika mimi. Ndiyo. Nilipanga nikiwekee jina lako, nikifunge kwa gundi na gamba gumu, nimpe. Maisha yangu yote nimeandika kwa niaba ya watu, nikadhani nitaweza. Lakini kila ukurasa ulianza kwa "Napenda kuchukua fursa hii." Hapakuwa na sauti yako hata mstari mmoja. Na kila niliyemwandikia alitaka nimsomee tena barua yake kabla ya kutia sahihi. Wewe utatiaje? Nimezichoma karatasi hizo.

Nina swali moja, na ndilo linaloninyima chakula. Kwa nini hukuweka alama? Wewe uliyenirudisha nyuma kwa ajili ya nukta moja! Ulisahau, kwa kuwa kichwa kilianza kuuma? Au hukuona kuwa ni uongo, ulikusudia kukiandika kweli, ukakitangulizia nafasi yake rafuni? Nimeliuliza kaburi lako. Nimeiuliza kompyuta. Nijibu, Rhobi. Nakuomba kwa unyenyekevu wote nilionao, nijibu.



Basi nimeamua hivi. Tulijaribu kuazimisha, lakini kurudisha hatukuwahi kujaribu. Siku ya mnada ijayo nitamwomba Bwana Matiko ruhusa, nimketishe mama yako kwenye kiti chako. Nitamsomea mistari ile miwili, polepole, mara atakazotaka, nimwambie kwamba hicho ndicho kitabu chote, hakuna ukurasa mwingine popote, na kwamba kilichomo ni maneno yako mwenyewe. Akitaka kusema kwa kinywa chake kwa nini hakurudi Busawe, kalamu yangu ipo, na jina litakalokaa juu litakuwa lake. Akinitukana, nitapokea.

Kisha nitamwonyesha kitufe cha kurudisha, akibonyeze yeye. Sijui kama kinafanya kazi. Ulikuwa uniambie Jumatatu ile.

Nakuaga, Mwalimu wangu, na ninaahidi kwamba mistari ile haitafutwa nikiwa hai, na neno JARIBIO sitaliweka. Mashine ikikataa kupokea, acha jina langu libaki pale chini ya lako, kama ulivyoliandika.

Ni mimi, mwanafunzi wako,
Mwita Chacha, mwandishi wa barua,
Kemambo.