Makombe ya Mama

Mdogo wangu Bacar, huko Mtwara,

Salamu zangu kwako na kwa wifi. Sisi wazima. Mbuzi kazaa mapacha.

Unazikumbuka nyanya za Mama kule Afungi? Tulizila palepale shambani kwa chumvi, maji yakitutiririka mpaka viwikoni. Huku walikotuhamishia kupisha mradi wa gesi, bahari iko mbali. Tekniko wa kilimo, bwana shamba wa huku, alinipa mbolea ya mfuko. Miche ikanawiri, majani tele, lakini kila nyanya ikaoza kitakoni. Ndipo nikakumbuka: Mama alikuwa akichoma makombe ya pwani, yale magamba ya chaza, akiyatwanga, akitia konzi moja kila shimo.

Makombe niliyokuwa nayo ni yale tuliyozungushia kaburi lake. Siku ya kuhama niliyaokota nikayabeba kwenye ndoo, maana kaburi lenyewe limebaki ndani ya uzio wa mradi. Kila Ijumaa nilikuwa nikiyaosha.

Bacar, nimeyachoma.

Nyanya za msimu huu zimeiva, hata moja haikuoza. Ya kwanza nimeila peke yangu, kwa chumvi.

Ukikasirika, njoo unigombeze mwenyewe. Nitakukatia nyanya kwanza. Ukishaionja, ndipo useme.

Dada yako,
Sumaia