Nati Sita za Bomba la Mwisenge

Jumatatu, 8 Septemba 1997
Wiki ya tano sasa! Bomba kuu limepasuka njia panda ya Mwisenge, maji yanakimbilia ziwani mchana na usiku. Bata wa watu wanaogelea barabarani. Huku juu kwetu koki inakoroma hewa tu. Jirani yangu Hyasinta kashuka tena ziwani na ndoo, na mimba ya miezi minane. Nikamwambia, mdogo wangu, pumzika. Akasema: wewe si ndiyo fundi wa maji? Miaka kumi na moja idarani, mwanamke peke yangu kati ya mafundi — na jirani yangu anakunywa maji ya ziwani.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemuuliza bosi, Bwana Alfonce. Klampi ya kuzibia ipo stoo, nimeiona kwa macho yangu. Kazi ya asubuhi moja! Akafunga mlango. Mama Keraryo, anasema, vuta subira. Wageni wa Wizara wanakuja Jumatatu kuamua kama maji yabaki mikononi mwa halmashauri au yaende mamlaka mpya. Wakikuta bomba zima, watasema halmashauri inaweza.
Kule mamlaka mpya keshaahidiwa umeneja. Hilo hakulisema, lakini ofisi nzima inajua.
Kwa hiyo tope lile ni maonyesho! Nimetoka bila kuaga.

Alhamisi, 11 Septemba
Nikaenda kwa diwani wetu, Wenceslaus, wa upinzani. Nilimpigia kura mimi! Nilikuwaga namwamini. Akasema, dada yangu, tuliache mpaka Jumamosi mchana, nina mkutano wa hadhara palepale, wananchi waone haki yao inavyomwagwa. Nikamwambia: wameshaona, Mheshimiwa, wanaliruka dimbwi kila asubuhi. Akacheka.
Mimi sikucheka.

Ijumaa, 12 Septemba
Hyasinta kateleza kwenye mawe ya ziwani, ndoo kichwani. Yuko hospitali. Mtoto bado anacheza tumboni, wanasema, lakini mama alazwe. Mume wake, Nathanieli, alikuja kunieleza, suruali imelowa mpaka magotini. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.
Basi. Simngoji mtu tena.
Stanislausi wa stoo kanipa klampi bila karatasi. Aliniwekea mlangoni, akageukia ukuta.

Jumamosi, 13 Septemba
TUMEZIBA!
Saa moja asubuhi nilifunga valvu. Wanawake saba na majembe, Nathanieli na mimi shimoni. Bomba lina kutu, nati zinagoma, nimechubuka vidole vyote. Saa nne na nusu nikafungulia. Huko juu koki zikakohoa, zikatema maji mekundu, halafu — maji! Justina wa kona alitia kichwa chini ya koki, na kitambaa chake kichwani.
Saa nane diwani akafika na vipaza sauti. Akatazama tope linakauka. Akashika maiki, akasema hayo ni matunda ya juhudi zake! Tulimzomea mpaka akapanda gari.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeoga kabla ya misa. Ndoo nzima! Hyasinta bado kalazwa.

Jumatatu, 15 Septemba
Barua ilinikuta getini. Nimesimamishwa kazi, "kuingilia miundombinu bila idhini". Nikaikunja, nikarudi Mwisenge kwa miguu.
Nikamkuta Alfonce kwenye shimo letu na mafundi wawili. Wageni wako njiani kutoka Bunda. Anataka klampi itoke — ati ukaguzi!
Nimeingia shimoni, nimekaa juu ya bomba. Wanawake wamezunguka ukingoni. Naandika hapa hapa, daftari kwenye goti, maana kesho watasema haikuwa hivi.
Alfonce: Mama Keraryo, toka, unajiharibia. Nikamjibu: umeshanisimamisha kazi, huwezi kuniamrisha tena. Justina akapiga kigelegele.
Kamtuma Masatu, mmoja wa wale mafundi wawili. Tumefanya kazi pamoja miaka sita, ana watoto watatu, kazi anaihitaji. Kateremka na spana. Hanitazami usoni. Nimemwambia, utaanza na mguu wangu.
Magari mawili meupe yanakata kona. Alfonce anapiga kelele: fungua! Fungua haraka!
Masatu kapiga magoti kwenye tope. Ananiuliza kwa sauti ndogo: dada, nati ni ngapi hapa?
Anajua. Amefunga klampi kama hizi nyingi kuliko mimi.
Sita, nimemwambia. Lakini zihesabu mwenyewe. Taratibu —