Kigoda cha Mtani

Jumatatu, 2 Juni
Nimepepeta alizeti juu ya paa hadi upepo ukanishinda. Singida mwezi huu upepo hauna adabu. Makapi yote machoni. Nimeshuka, nimemkuta Monika ameinamia kompyuta, analia bila sauti. Intaneti ya simu imekatika tena akiwa kazini. Kazi yake kuwajibu wateja wa kampuni ya mbali, humu humu chumbani. Bosi wake amesema mwisho wiki hii. Mtandao usipokaa sawa, ahamie Dodoma kwenye ofisi yao.
Mjukuu wangu. Nimemlea tangu mama yake afe. Ndiye aliyenifundisha kuandika haya, mimi niliyeiona shule kwa nje nikipita na ng'ombe. Dodoma ya nini. Sitaki.

Jumanne, 3 Juni
Mafundi wa faiba, intaneti ya waya, wamekuja. Wawili. Wameniamkia vizuri, nimewapa uji. Mkubwa wao amenionyesha waya. Mwembamba kama kamba ya kiatu, ndani una uzi wa kioo. Zamani walikuwa wanaunga kioo kwa kioo kwa mashine, kazi ya kutwa. Siku hizi unakuja vipande vipande, vimekatwa tayari kiwandani, kila kipande na kichwa chake. Kila ghorofa kiboksi kimoja. Unachomeka cha chini, unachomeka cha juu, unasikia ta. Nikamwambia, kumbe kama mabehewa. Akacheka. Ndiyo bibi, behewa moja likikosekana, la nyuma haliendi.
Na limekosekana. Chini duka la mbegu, katikati Mzee Mkumbo, juu sisi. Njia ya nyaya inapita ukutani mwa majiko, na kila jiko lina kimlango chake. Dukani wamemaliza mapema. Mzee Mkumbo amekataa wasiingie jikoni kwake. Sababu hakutoa. Kupitisha nje haiwezekani, mwenye jengo hataki ukuta wake utobolewe.
Mgane yule, mstaafu wa reli kutoka Itigi, anashinda koridoni kwenye kigoda chake anaangalia malori. Leo kiburi kakitoa wapi.

Jumatano, 4 Juni
Nimeshuka kumshughulikia mwenyewe. Yeye Mnyiramba, mimi Mnyaturu, watani tangu mababu. Mtani unamtukana hata msibani, unamchukulia kitu chake, na hanuni. Anakikomboa, mnacheka, yameisha.
Nimemwambia ainuke, Wanyiramba hawakuumbiwa viti. Akacheka. Nikabeba kigoda, nikamwambia atakikomboa kwa kufungua jiko. Bado anacheka. Nikaongeza. Mdomo wangu huu.
"Unaficha nini humo? Mkeo alikufa kwa kuchoka kukupikia, jiko nalo umelifunga kama benki."
Hakucheka. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningefurahi.
Nimepanda na kigoda changu mkononi. Chake. Nina hasira. Siku ya mazishi ya mkewe nilisema mabaya kuliko hayo, nikamzibia njia ya makaburini mbele ya watu wote hadi anilipe, na alicheka machozi yakimtoka. Leo ananuna. Mtani hanuni.

Alhamisi, 5 Juni
Mafundi wamesema kesho ndiyo mwisho. Wana jengo lingine Manyoni.
Monika ametoa begi chini ya kitanda. Amekunja sketi zake. Nimezikunjua. Amezikunja tena.
Nimepanda paani, nimeshuka. Nimepanda tena. Alizeti sijaigusa. Uji umeungua. Kigoda kipo mlangoni, kinaniangalia kama mgeni aliyenyimwa chai.
Simpendi yule mzee leo. Mimi mwenyewe najipenda kidogo kumzidi, si sana.

Ijumaa, 6 Juni
Asubuhi nimeshuka bila kigoda, bila utani. Nimepiga hodi. Alipofungua nimemwambia, "Mzee Mkumbo, siku ya mazishi nilikuchekesha tu. Pole sikukupa. Pole."
Ameufungua mlango wote. Kisha akanipeleka jikoni.
Kila kitu kipo alivyokiacha mkewe. Ungo juu ya ndoo. Kanga kwenye msumari. Vumbi. Akafungua kimlango cha nyaya. Ndani kikapu. Mlenda mkavu, aliukausha marehemu kwa mikono yake, akauweka humo kwa sababu panya hawafiki. Mzee anakula kwa mama lishe kila siku ya Mungu. Huo hajaugusa.
"Ukiisha huu," akasema, "hapiki tena."
Nimekitoa kikapu kwa mikono miwili, nimekaa nacho sakafuni, mapajani. Nimewaita mafundi. Nimewaambia atakayenigonga akamwaga hata jani moja, atatokea dirishani. Wamefanya kazi kama wako msibani. Cha chini, ta. Cha juu, ta. Kiboksi chenyewe kidogo kama mche wa sabuni. Nafasi imebaki. Kikapu nimekirudisha pale pale, pembeni yake.
Nikiwa mlangoni akaniita. "Mnyaturu. Umeniibia kigoda. Nitakuja kukikomboa."
Ngazi nimezipanda kama msichana.

Jumatatu, 9 Juni
Begi limerudi chini ya kitanda. Monika amejifungia tangu asubuhi, anaongea Kiingereza na watu nisiowajua. Mtandao haujakatika hata mara moja. Chai nimemwingizia, amenipungia mkono bila kugeuka. Sawa tu. Yupo.
Mchana Mzee Mkumbo amepanda. Mkononi kikombe cha mlenda. Akasema ndiyo fidia. Kikombe kimoja tu, mwingine umebaki kikapuni. Nimeupika kwa karanga kama alivyokuwa anaupika mkewe, maana ni yeye aliyenifundisha. Nimesonga ugali. Tumekula, Monika tumemwekea. Alipomaliza alipangusa bakuli kwa tonge la mwisho, polepole, pande zote.
Upepo umetulia. Kesho alizeti.
Alipoinuka nimemkabidhi kigoda chake. Amekishika, amekigeuza, amekirudisha chini pale karibu na jiko langu.
Akashuka mikono mitupu.