Nguvu Niliyoitolea Shukrani

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu, ila uzima wetu siku hizi ni wa kusema tu.

Kaka yetu fundi cherehani amerudiwa na saratani ya tezi dume. Sasa imeingia mifupani.

Unakumbuka mwaka jana nilikuandikia kwamba amepona? Ndevu zilimrudia, akawa anaimba kazini, anabeba majora ya vitambaa mwenyewe. Nilisimama mbele ya waumini wote nikashukuru huku nalia.

Kumbe alikuwa ameacha sindano za saratani miezi minane! Nilipombana akasema, "We mama, zilinitoa jasho kama mjamzito, kifua kikaanza kuvimba. Ulitaka nijishonee sidiria?" Nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Daktari alinieleza taratibu, maana shule yangu unaijua. Homoni ya kiume ndiyo inayoichochea saratani hii. Ikiingia kwenye chembe za ugonjwa, inawasha maagizo ya kula na kuongezeka. Sindano huikata homoni. Kaka alipoziacha, homoni ikarudi pamoja na ndevu na nguvu, na ugonjwa ukashiba. Nguvu hiyohiyo ndiyo niliyoitolea shukrani.

Sindano ameanza tena, lakini daktari anasema chembe nyingine zimeshajifunza. Zinajitengenezea homoni zenyewe, zimebadili hata chakula, zinachoma mafuta ya mwilini. Tangu siku ile nikipiga magoti, neno asante nalikwepa.

Mdogo wangu, baba alikufa mkojo umemziba, tukasema ni uzee. Sasa kaka. Wewe umetimiza hamsini, na kwenye picha uliyotuma umenawiri, mabega yamejaa mlango. Wengine hapa waliifurahia. Mimi niliiogopa. Usiniambie huumwi popote, hata kaka hakuwa anaumwa. Nenda ukapime damu kwa ajili ya tezi dume, kabla hata hujanijibu.

Kaka anakusalimu, na mkewe pia. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawaombea. Mungu akufunike wewe na nyumba yako.

Picha yako nimeigeuzia ukutani. Nitaitazama majibu yakifika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuhofia.