Tofali Lililokataa Mvua

Yaya Deo, kaka yangu,

Mvua imenyesha. Ya kwanza ilikuja mchana, ikapiga mabati mpaka nikashindwa kuisikia cherehani yangu, nami nikatoka nje bila viatu nikasimama mbele ya rundo lako la matofali. Majirani waliniona. Sasa wanasema kifo chako kimenivuruga kichwa, na siwezi kuwabishia, maana hata leo ninapokuandikia sijui nikulaumu au nikushukuru.

Wa kwanza kuniuliza nilikuwa nangoja nini ni Mama Riziki, yule jirani yetu Mrundi uliyekuwa ukimtania kwamba maharagwe yake yanainjikwa Jumatatu ili yaliwe Jumapili. Ilibidi nimweleze mchezo wako. Nikamwambia dunia nzima kuna watu wanaoficha vikopo, wanaandika kwenye simu mahali walipoficha, na wengine wanafuata mshale wa simu mpaka wavipate. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kikaratasi kilichomo. Ukitaka kuchukua kitu ndani yake, unaacha kingine. Halafu unakirudisha. Mama Riziki akangoja niendelee. Nikamwambia ndiyo imeisha. Akaniuliza, “Na unashinda nini?” Nikamwambia swali hilo ni lako, Yaya, na wewe hukuwepo wa kunisaidia.

Na huo ni mchezo wa watu wenye akili timamu. Wa kwako ulikuwa mwingine. Ulitaka vikopo vinavyokufa. Wenye mchezo walikuandikia mara ngapi kwamba kikopo kinatakiwa kikae miezi, wakakataa kukiweka kwenye ramani yao, na wewe ukaendelea tu, ukiwatangazia wale wachezaji wachache wa Lilongwe kwa ujumbe wa simu. Mimi nilikuuliza faida yake tukiwa bado Nsungwi, huko Lilongwe, kwenye kile chumba chetu cha kushonea, wewe umekaa juu ya marobota ya vitambaa vya wateja ingawa nilikukataza. Ulinijibu, “Kama kinabakiaka siku zote, nani atakikimbilia?”

Nakumbuka siku ya barafu. Ulimwomba muuza vinywaji wa Old Town akugandishie kopo ndani ya pande la barafu, ukalificha asubuhi kwenye tundu la ukuta nyuma ya stendi ya mabasi, ukatuma ujumbe kwamba kikopo kitaishi mpaka jua litakapokifikia. Uliniburuta nikaone. Jua lilikifikia mapema kuliko ulivyopiga hesabu, mama mfagiaji akapita na ufagio wake, na binti wa chuo aliyekuja mbio akatukuta mimi na wewe tunatazama dimbwi. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ulimpa yule binti mkono, ukampongeza kwa kuwa amewahi kuliona dimbwi kabla halijakauka! Akacheka. Mpaka leo sielewi alicheka nini.

Na kule mashambani Mitundu je? Ulilining'iniza kopo kwenye bua la mahindi katikati ya shamba la mtu, kwa maelezo kwamba kikopo kitaishi mpaka mavuno. Wazo zuri, nakubali. Ila ndani uliweka kifungo, uzi mwekundu na kimdoli cha kitambaa nilichokushonea mimi mwenyewe bila kujua kinaenda wapi. Nani anaweka vitu vya namna hiyo katika shamba la mwenzake, Yaya? Mwenye shamba alipovikuta aliita kijiji kizima. Tulipiga magoti mbele ya mfumu wao, chifu wa kijiji, wewe unasema zikomo, zikomo, asante na samahani kwa Kichewa, unamwonyesha mshale kwenye simu, na kila ulivyozidi kuonyesha ndivyo walivyozidi kuamini. Tuliachiliwa kwa sababu ya mimi kulia. Njiani, tumebanana juu ya kabaza moja, pikipiki inayumba, unanipigia kelele masikioni, “Bantu banafikiri tuko balozi, Nsimire! Balozi!” yaani wachawi, kwa lugha ya kwetu, na unacheka mpaka dereva akaogopa.

Nilikuambia siku hiyo kwamba mambo yako hayafai. Ulisema kufaa ni neno la watu wa matofali.

Ndipo tuliporudi Dzaleka, kambini kwa wakimbizi wenzetu, na wewe ukawa mtu wa matofali.

Kiangazi kile ulifyatua matofali ya kutengenezea jiko langu la nje. Nilikuwa nakuona dirishani, matope mpaka viwikoni, unapiga miluzi. Siku moja nikakuona umeazima kalibu nyingine, kubwa, ukafyatua matatu makubwa kuliko mengine yote. Nikakuuliza kama unajengea majitu. Ukasema nishone nguo zangu. Yale matofali yalikuwa bado yanakauka, hayajachomwa, kifua kilipokubana.

Hospitalini ulikuwa unasema mengi na mengi hayakuwa na kichwa wala miguu. Ulimwita Mama, ulidai viatu vyako. Lakini jioni moja ulinishika mkono, macho yako yametulia, ukaniambia, “Yako iko mu tofali. Usitafute. We ngojea mvua, mvua njo itakuonyesha.” Nikajibu ndiyo, Yaya, kama mtu anavyomjibu mgonjwa. Nilidhani ni homa. Na ulipokwisha kufa, neno hilo ndilo lililobaki linanizunguka, mbele ya mengine yote. Kama ilikuwa homa, basi ulikwenda bila kuniaga. Kama haikuwa homa, basi bado kulikuwa na kitu chako kinanisubiri mahali.

Ndiyo maana nilingoja mvua. Niliambiwa matofali yafunikwe au yachomwe, yasiharibike, nikakataa. Niliyaacha wazi. Na mvua ikaja ikayala kama ulivyotaka, moja baada ya jingine, kingo kwanza, halafu katikati, mpaka rundo zima likawa matope mekundu yanayotiririka kuelekea barabarani. Nikapiga magoti nikayapekua kwa vidole. Nilipekua tena kesho yake. Nilipata mawe, mizizi, na kifuniko cha chupa. Nikawasha simu yako, nikafuata mshale wa kikopo chako cha mwisho, ukanileta palepale kwenye matope ukasema nimefika. Simu inajua mahali, Yaya. Kitu kikihama haina habari nacho.

Hapo nilikukasirikia. Niliingia ndani nikashona gauni la mteja kwa hasira mpaka nikadunga kidole, damu ikaingia kwenye kitambaa cheupe. Nilisema kwa sauti, nikiwa peke yangu, kwamba hata kufa kwako umekufanya mchezo.

Nikanyonya kidole, nikatulia. Na katika kutulia ndipo nikakumbuka kwamba katika matope yale sikuwa nimeona tofali kubwa hata moja. Yale matatu ya majitu hayakuwemo. Ni nani angeyachukua? Nilikaa na swali hilo mpaka nikasikia harufu ya maharagwe kutoka ng'ambo ya uzio.

Yaya, utacheka. Au utalia, sijui wafu wanafanya lipi. Wakati wa matanga yako walikuja watu wengi kuliko tulivyotegemea. Zililetwa sufuria za kanisa, zile kubwa za nsima, ugali wa huku, na mafiga yetu hayakuzitosha. Mama Riziki ndiye aliyesimamia moto. Akaangaza macho uani, akaona matofali matatu makubwa yanayolingana, akayachukua. Aliniuliza, naambiwa, na mimi niliitikia kwa kichwa. Siku zile ningeitikia hata kama angeomba mlango. Na wewe unajua desturi yetu, moto wa matanga hauzimwi mpaka siku ya kuondoa kilio. Basi tofali uliloliandaa life kwa mvua, tuliliweka motoni tukalichoma. Tulilichoma kwa kilio chako mwenyewe, tukipika nsima ya watu waliokuja kukulilia. Matanga yalipoisha, Mama Riziki akayapenda mafiga yake, akayahamishia kibarazani kwake, na tangu siku hiyo anapikia hapo. Mvua haikuyaona, na hata ingeyaona yasingeyeyuka.

Ulipiga hesabu ya jua, ya mavuno na ya mvua. Matanga yako hukuyaweka katika hesabu.

Nilikwenda nikamkuta amekaa mbele ya mafiga hayo. Nilimweleza, akaweka mkono mdomoni. “Imana yanje,” akamwita Mungu wake kwa Kirundi, “nimekuwa napika kaka yako?” Alitaka kuipua sufuria palepale. Nikamzuia, maana maharagwe yalikuwa yameiva nusu, na chakula cha watoto hakichezewi. Kwa hiyo mimi niliyengoja mvua msimu mzima nikakaa kwenye mkeka kungoja maharagwe ya Mama Riziki. Mwenyewe unayajua.

Yalipoiva na mafiga yakapoa, tuliyainua moja moja. La tatu lilicheza. Kitu kidogo cha chuma kiligonga ndani, ngli, ngli. Mama Riziki alinipa shoka lake la kuni akasema, “Pasula tu. Ni ya kaka yako.” Na mimi nikashindwa.

Sikuogopa shoka. Niliogopa kwamba mpaka dakika ile ulikuwa bado una kitu cha kunipa, na nikishapasua, basi, utakuwa umekwisha toa vyote. Nililipakata lile tofali mapajani, lenye masizi, bado lina joto upande mmoja, nikalitikisa tena na tena. Mama Riziki aliniacha. Alipakulia wanawe, akawalisha, akarudi, akanikuta vilevile. Kisha akasema tu kwamba kesho atahitaji kupika, na mafiga mawili hayakalishi sufuria, kwa hiyo ama nilipasue ama nilirudishe. Nikalipasua.

Lilikuwa kopo la bati, la rangi ya kung'arishia viatu. Kifuniko kilikuwa kimeungua kikashikana, nikakibandua kwa ncha ya mkasi. Ndani mlikuwa na majivu membamba, yaliyokunjwa bado kama karatasi, nikayapulizia pumzi tu yakasambaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa kikaratasi cha kuandika jina. Chini yake mlikuwa na kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni wakati wa kushona, ambacho Mama alikiita dé, na ambacho alisema kilipotea siku tuliyotoka kwetu Bukavu.

Sasa nieleze, Yaya. Kama ni cha Mama, ulikuwa nacho miaka yote hii? Uliniona nikijidunga vidole Nsungwi, ukaninunulia plasta, na huku kimo mfukoni mwako? Au ulikiokota kwa wauza vyuma wa Old Town, ukaona kinafanana, ukasema dada yangu atafurahi? Cha Mama kilikuwa na kibonyo ubavuni, alikiangusha akakikanyaga. Hiki nimekisugua kwa majivu na limau, na kibonyo kipo. Lakini moto nao unabonyeza vitu. Nimekitazama juani, nimekitazama nyuma ya dirisha, siku moja naapa ni chenyewe, siku ya pili naona ni chuma tu. Wa kuniambia ni watu wawili, wewe na Mama, na wote mmekwenda.

Mama Riziki anasema mbona jambo ni rahisi, nikivae nione. Nimekivaa. Kinanienea. Kidole changu sasa ni kinene kama kilivyokuwa cha Mama, na hilo nalo halithibitishi kitu. Ninashona nacho kila siku. Bado sijui, lakini sijidungi.

Ulitaka kujua daima kama vikopo vyako vinafaa, ingawa ulijifanya hujali. Niliona ulivyokuwa unanitazama kwa pembeni kila kimoja kilipoharibika. Basi sikiliza jibu la mshonaji: havifai. Barafu huyeyuka kabla ya wakati, shamba lina mwenyewe, na tofali litachukuliwa na mtu anayelihitaji kuliko wewe. Havifai hata kidogo. Na hiki changu nimekikimbilia, Yaya. Bila viatu, mbele ya watu wote.

Figa la Mama Riziki nimelipasua, kwa sasa ameegemeza jiwe, sufuria inalala upande. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi, kiangazi kikirudi nitaazima ile kalibu kubwa nimfyatulie jingine. Aliyechukua kitu lazima aache kitu, hiyo ni sheria yenu. Nimekata kifungo cha chuma cha shati lako la bluu. Kitaingia humo ndani, na karatasi mpya, hata ikiungua kama yako, nao wapike juu yake mpaka siku litakapopasuka lenyewe. Atakayekipata atakipata. Hatajua ni cha nani, achanganyikiwe na yeye.

Lala sasa, Yaya. Jiko langu halina ukuta, unyevu unaingia kwenye vitambaa, na ninakutafuta kila ninaposikia mluzi njiani. Karatasi yako iliungua kabla sijaishika, sikupata pa kuandika jina. Kwa hiyo naliandika hapa, kama mnavyoandika ninyi wachezaji, kwa ufupi.

Nimekipata.

Nsimire