Mlango wa Gereji Unaorudi Juu

Mshauri mpendwa,

Nakusoma kila wiki na najua wengi unaowasaidia ni watu wa ndoa na wakwe, lakini mimi mzee wa miaka sabini na tisa sina pengine pa kupeleka shida yangu, nayo ni mlango wa gereji.

Naishi kwa binti yangu, katika chumba kilichopakana na gereji, na kazi niliyopewa ili nisijione mzigo ni kuufunga mlango huo saa kumi na moja unusu jioni, gari likishaingia. Ni mlango wa umeme, unabonyeza swichi ukutani unashuka wenyewe, na chini karibu na sakafu, kila upande, kuna jicho dogo, moja linamulika mwenzake, kitu kikikatiza katikati taa ya kijani inazimika na mlango unarudi juu usije ukambana mtu. Sasa ni wiki ya sita unashuka mpaka unabaki upenyo mdogo, taa inazimika, unarudi juu, nami naangalia pale katikati na hakuna paka, hakuna jani, hakuna chochote, na hata siku za mawingu ni hivyo hivyo. Binti yangu akiufunga asubuhi unashuka bila neno. Fundi naye alikuja asubuhi, akaufunga mara kumi, akaniangalia kwa huruma. Mkwe wangu anatania kwamba mlango unanionea haya.

Nikueleze ambalo sijamweleza binti yangu. Nyumbani tulikotoka, kabla sijafunga mlango niliuliza, "Wote ndani?" na kila mtu aliitikia, "Ndani." Alasiri ile fujo ilipoingia mtaani kwetu niliuliza, nikasikia sauti, nikadhani ya kaka yangu imo, nikatia komeo. Kaka alikuwa nje, amekwenda kuanua nguo za watoto. Hatukumwona tena, na sasa ni miaka arobaini na moja. Mazoea yamenifuata mpaka huku, nabonyeza swichi, nauliza, kisha nasogea kizingitini na mkongojo wangu kusikiliza. Wiki iliyopita niligundua kwamba nikiibana swichi bila kuiachia, mlango unashuka hata taa ikiwa imezimika. Ulipokaribia sakafu nikasikia mtu akihema karibu kabisa, kama aliyetoka mbio, nikaachia. Mjukuu wangu wa miaka mitano, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, akasema, "Babu, mwambie aingie basi."

Jumamosi mkwe wangu anataka kuung'oa mlango na kujenga ukuta, anipanulie chumba. Ni wema mtupu. Lakini nikikubali, si nitakuwa nimemfungia nje mara ya pili?

Babu wa Chumba cha Gereji

*

Mzee wangu, shikamoo. Pole sana, na sasa nivumilie, maana nitakugombeza kidogo.

Hiyo swichi usiibane tena. Macho yale yamewekwa kwa ajili ya shingo ya mtoto, na mtoto unaye, ameketi hatua chache kutoka hapo, anakutazama ukizungumza na mahali patupu. Alisema aliyosema kwa sababu babu yake amemwonyesha kwamba pana mtu.

Saa kumi na moja unusu jua limeinama na linaingia moja kwa moja ndani ya jicho. Jicho likipofuka, taa inazimika. Asubuhi jua haliko upande huo, ndiyo maana binti yako na fundi hawakuona kitu. Futa macho yote mawili kwa kitambaa laini kikavu, kisha kata kipande cha boksi, ukikunje kama mrija mfupi, ulivalishe lile linalopigwa na jua. Na siku za mawingu? Jibu umeniandikia mwenyewe: unabonyeza, halafu unasogea kizingitini na mkongojo. Ulitafuta paka na jani, fimbo yako mwenyewe hukuitazama. Na aliyekuwa akihema, mzee wangu, ni wewe.

Kabla ya Jumamosi, mketishe binti yako umsimulie habari za baba yake mkubwa. Watu wanataka kukujengea ukuta juu ya jambo wasilolijua. Wakishalijua, amueni pamoja. Na kaka yako hukumfungia. Uliuliza kwanza. Anayetaka kumfungia mtu nje haulizi.

Kisha jioni moja binti yako abonyeze swichi, mara moja tu. Wewe keti na mjukuu kwenye ngazi ya jikoni, mkongojo mapajani. Safari hii binti yako ndiye aulize kama wote mmo. Miaka arobaini na moja umewauliza wengine, na hakuna aliyekuuliza wewe, uliyebaki kizingitini. Ukiulizwa, itikia kwa sauti.

Na ikiwa mrija umevaliwa, mkongojo uko mapajani, wote mmeitikia, na taa ikazimika hata hivyo, msiulazimishe. Uacheni mlango wazi mpaka fundi aje, tena aje jioni, si asubuhi, na pale kizingitini asisimame mtu. Mwachieni aliye nje nafasi ya kupita.